Kinundu cha Bwana Ncha

Siku ile Bwana Ncha hakwenda hospitali kutapeli mtu. Tumpe haki yake. Alikwenda kwa sababu mguu wa kulia ulikuwa unamuua. Pembeni, pale kidole gumba kinapoanzia, palikuwa pametokeza kinundu kigumu, chekundu, na kidole chenyewe kilikuwa kimelala kuwaegemea wenzake utadhani kimelewa. Viatu vyake vya ncha, vile vyembamba vya ngozi vilivyompa jina mjini, vilikuwa vimechangia sana, lakini kumwambia Bwana Ncha avae viatu vipana ni sawa na kumwambia hakimu avue joho.

Koridoni alikuta benchi zima la wenzake, kila mmoja amevua kiatu kimoja.

"Nasikia wanakata mfupa," alisema mama mmoja.

"Nyama, si mfupa."

"Mfupa, nakwambia! Kisha wanatia skrubu."

"Skrubu? Kwani mimi ni mlango?"

Muuguzi akatoka, akasimama mbele yao na kuwaeleza, maskini, kwa moyo wake wote. Kwamba hakuna dawa ya kupaka inayonyoosha mfupa. Kwamba mtu aanze na viatu vipana, na kama maumivu bado yanamnyima kazi na usingizi, ndipo aongee na daktari wa upasuaji. Kwamba asikatwe mtu kwa ajili ya urembo. Kwamba picha ya eksirei lazima ipigwe umesimama, maana ukikaa mguu haubebi mzigo, na mfupa huonekana umenyooka kuliko ulivyo. Watu waliitikia kwa vichwa huku wakiwaza skrubu.

Mtu mmoja tu alisikiliza neno kwa neno. Bwana Ncha alisahau hata maumivu yake. Alilitazama lile benchi tena: watu wenye akiba kidogo, maumivu mengi, na woga usio na mfano. Jamani, ingekuwa nyinyi mngefanyaje? Alivaa kiatu chake, akaondoka kabla hajaitwa.

Haukupita muda, juu ya saluni moja ya nywele pakatundikwa kibao: KUNYOOSHA VIDOLE BILA KISU. SIKU SABA TU. Ndani alikaa Bwana Ncha, sasa daktari, katika koti jeupe alilouziwa na muuza nyama aliyefunga bucha. Mbele yake palikuwa na mashine, yaani sanduku la mbao lenye taa nyekundu na feni iliyochomolewa kwenye kompyuta mbovu. Mgonjwa alitumbukiza mguu, akahisi joto, akasikia mngurumo, akaona kabisa kwamba anapona.

Asiyeona alionyeshwa picha. Siku ya kwanza alitumwa eksirei na maagizo kwamba apigwe amesimama. Siku ya saba alitumwa tena, na maagizo kwamba apigwe amekaa. Mpiga picha alifanya alivyoombwa. Picha mbili zikawekwa kwenye mwanga wa dirisha, na kidole kilichokuwa kimepinda kikaonekana kimeanza kurudi kwao. Uongo wa kitaalamu kama huu, ambao hata mtambo wenyewe unautolea ushahidi, haupatikani kila siku.

Na alikuwapo Shangazi. Hakuwa shangazi wa Bwana Ncha, wala wa mtu yeyote anayejulikana. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya huruma na miguu iliyonyooka tangu azaliwe, na kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha kusubiri na kuwaonyesha wageni.

"Mguu huu mnaouona," alizoea kusema, akiunyanyua taratibu, "ulikuwa kama tangawizi. Muulizeni daktari."

"Tangawizi haswa," daktari alijibu kila mara kutoka ndani, kwa huzuni.

Walikuja wengi. Alikuja mwenye nyumba za kupanga, mama mnene wa mali na mwembamba wa mkono, aliyetaka alipe mguu mmoja na wa pili apewe nyongeza. "Yote ni taa hiyohiyo," alisema. "Kwani umeme unahesabu miguu?" Na alikuja mpishi wa hoteli, pande la mtu, aliyekuwa akisimama kwenye sakafu ya saruji tangu alfajiri mpaka vyungu vioshwe.

"Daktari, mimi nina tarehe ya operesheni hospitali kubwa," alisema mpishi. "Nimeisubiri mwaka mzima. Niende?"

Bwana Ncha alimtazama kama baba. "Ndugu yangu, unataka kufungwa skrubu mguuni? Futa."

Mpishi akafuta. Alitumbukiza mguu sandukuni siku saba, akapigwa picha amekaa, akalia kwa furaha, akarudi jikoni. Kufika jioni mguu ulikuwa unawaka moto palepale. Akazipeleka picha zote mbili hospitali, na daktari wa kule akazitazama kidogo tu, akamuuliza, "Hii ya pili ulikuwa umekaa?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Njia ya mwongo ni fupi, na kwa mwongo mwenye kinundu ni fupi zaidi. Mpishi alimwona Bwana Ncha sokoni na kumkimbiza na mwiko mkononi. Miaka yote Bwana Ncha alikuwa akitegemea ule mguu niponye: ukishtukiwa, unatoka nduki, kesho unaanza mtaa mwingine. Safari hii alikimbia kama bata. Kila hatua ilimchoma mpaka kwenye meno. Aliponea chupuchupu kwa kujitosa nyuma ya marobota ya mitumba, na huko, akiwa amefunikwa na makoti ya watu wa nchi za baridi, alitokwa na machozi ya kweli. Tapeli asiyeweza kukimbia si tapeli, ni mfungwa anayesubiri siku yake.

"Shangazi," alimwambia usiku ule, "nakwenda kukatwa."

"Wewe? Na sanduku letu lile?"

"Usinichekeshe. Nikatwe, nipone, tuhame mji."

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana mpole asiyejua kuuza kitu. "Tutaukata mfupa, tuunyooshe, tuufunge kwa skrubu," alimweleza. "Kilivyopinda kidole chako, mguu hautakanyaga chini kwa wiki sita. Utakuwa unauweka juu ya mito. Uvimbe utachukua miezi. Maumivu mengi yataondoka, ila siwezi kukuahidi kila kitu. Na viatu hivyo ndio basi, la sivyo kinundu kinaweza kurudi."

Sasa, Bwana Ncha alikuwa na ugonjwa wa matapeli wote. Akimsikia mtu anasema kweli, huanza kutafuta uongo umefichwa wapi. Yeye alikuwa akiwaambia watu siku saba kwa jambo lisilowezekana. Huyu anasema wiki sita, lazima amezidisha ili aonekane wa maana.

"Wiki sita ni nyingi, daktari. Fanya mbili."

"Mfupa hauna bei ya kupatana, mzee."

"Basi tatu, na viatu nivae harusini tu."

Daktari alicheka, akaandika wiki sita. Kisha muuguzi akauliza swali moja ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijibu kabla ya yote, na Bwana Ncha akalijibu bila kufikiri: nyumbani utakaa na nani?

"Na shangazi yangu."

Shangazi aliitwa ndani. Akaeleza jinsi alivyomlea huyu mtoto wa kaka yake tangu ananyonya, akafuta jicho, na muuguzi naye akafuta lake. Bwana Ncha alijivunia. Kweli hakuwa na ndugu wa kumsindikiza, lakini mtu mjanja hakosi ndugu, huwakodi.

Upasuaji ulikwenda vizuri kabisa, na hilo tuwape madaktari. Taksi ikamfikisha nyumbani kwa Shangazi, ghorofa ya pili, wakampandisha kwa kumkalisha na kumsukuma ngazi moja moja. Akalazwa, mguu juu ya mito, umefungwa bandeji mpaka kifundoni. Begi lenye mapato yote ya zahanati lilikuwa chini ya kitanda.

"Nikuhifadhie kabatini, mwanangu," alisema Shangazi. "Hapa litakuletea vumbi kwenye kidonda."

"Shangazi, wewe mama."

"Na haya magongo nayo. Usije ukashawishika kutembea."

Dawa ya usingizi ilikuwa bado inamzunguka kichwani, naye akakubali. Ndiyo maana hospitali hukataza mtu kufanya maamuzi makubwa siku hiyo, lakini nani aliyesikiliza?

Wiki ya kwanza alilishwa uji, akatengenezewa mito, akaitwa mwanangu. Wiki ya pili akasikia sauti za watu ngazini.

"Shangazi! Kuna nini huko?"

Shangazi aliingia amevaa koti jeupe. Koti la Bwana Ncha mwenyewe, lile la bucha, limepunguzwa mikono kidogo.

"Wageni, mwanangu. Wamekuja kukuona."

"Wageni gani? Nani anajua niko hapa?"

"Wagonjwa wako wote. Niliwaambia mimi."

Bwana Ncha alijaribu kuinuka, mguu ukamkumbusha. "Umenikaanga! Wataniua!"

"Nani atakugusa? Wamelipa kiingilio." Alimtengenezea mto, polepole, kama mama. "Nimewaeleza ukweli kwamba hata mimi ulinitapeli. Kwamba sanduku lako lilikuwa bovu, ndiyo maana wewe mwenyewe umekimbilia kisu. Mimi ninalo jipya, lenye taa mbili. Sasa waone kwa macho yao kisu kinavyomfanya mtu. Kisha watachagua."

"Ebo! Na pesa zangu?"

"Zimenunua taa. Inua mguu."

"Siinui! Nitawaambia kila kitu!"

"Waambie," alisema Shangazi, na akaufungua mlango.

Wakaingia wakikanyaga taratibu kama watu wa msibani. Mwenye nyumba za kupanga alikuwa mbele. Shangazi alikunja bandeji kidogo, ukaonekana mguu umevimba, umebadilika rangi, na uzi mweusi umepita juu ya kidole.

"Mungu wangu," alinong'ona mwenye nyumba.

"Nisikilizeni!" alilia Bwana Ncha. "Msimpe hata senti! Sanduku ni taa tu, taa na feni! Hakuna kitu kinachonyoosha mfupa bila kuukata. Wanaukata kwa msumeno, wanatia skrubu mbili, unalala wiki sita hukanyagi chini, usiku unauma, miezi unavimba! Huo ndio ukweli wenyewe!"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa ametia chumvi hata punje. Na kila neno la kweli lilipotoka, watu walirudi nyuma hatua moja.

"Msumeno," alisema mmoja.

"Skrubu mbili," akasema mwingine.

"Shangazi," alisema mwenye nyumba, mkono tayari umo kwenye pochi, "hilo sanduku la taa mbili liko wapi?"

Wakatoka wanasukumana. Bwana Ncha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kila kelele iliuza nafasi ya mguu mwingine sandukuni, chumba cha pili.

Aliyebaki alikuwa mpishi. Alifunga mlango, akaja kusimama kando ya kitanda, mikono yake mikubwa inaning'inia. Bwana Ncha aliutazama mlango, akautazama mguu wake, akajua safari hii hakuna pa kwenda.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema mpishi. "Siku ile uliponiambia nifute."

"Nilikuwa najua."

"Wamenirudisha mwisho wa foleni. Mwaka mwingine. Bosi amesema mpishi anayekaa kila saa atafute kazi ya ulinzi. Nina watoto watatu, bwana."

Bwana Ncha aliona aibu. Aligeuza uso ukutani, akasema, "Nipige tu."

Mpishi alivuta kiti akakaa. "Inauma kama ulivyosema?"

"Siku za kwanza, sana. Sasa inapungua. Lakini kile kinundu, ule moto wa kila siku," alisema akiutazama mguu, maana alikuwa hajalifikiria hilo, "umekwisha. Nenda, kaka. Yule kijana hadanganyi. Akikwambia wiki sita ni wiki sita. Panga mapema na bosi wako, na uwe na mtu nyumbani. Mtu wako, si wa kukodi."

"Mke wangu yupo."

"Una bahati." Bwana Ncha alimshika mkono. "Nibebe basi. Nipeleke popote, hata polisi."

Mpishi akautoa mkono wake, taratibu, bila hasira.

"Sina mguu wa kukubebea," alisema, akatoka akichechemea kwenda kupanga foleni upya.

Mlango haukuwahi kufungwa nyuma yake. Shangazi aliingia akiwa na uji mkononi na uso wa mtu aliyeshinda vizuri kazini.

"Hongera, mwanangu. Ule msumeno umewaingia. Mwenye nyumba amelipia miguu yote miwili, na hakuomba nyongeza." Alimlisha kijiko kimoja, akamfuta kidevu. "Kesho sema hivyohivyo, ila anza na skrubu."

"Nikikataa?"

"Utakwenda wapi?"

Ngazini zilisikika sauti, za watu wengi, wanapanda polepole, kama wapandavyo wenye miguu mibovu. Shangazi aliweka bakuli chini, akafungua bandeji.

"Haya," alisema. "Inua."

Bwana Ncha akainua.