Firigisi ya Mwenye Nyumba

Jumatatu, tarehe 2 Juni. Butembo.

Kidole gumba cha mguu wa kushoto kimevimba tena. Kimekuwa kama kiazi cha Masereka, kile wanachokiweka juu kabisa ya gunia ili kumvuta mnunuzi. Nimekwenda kituo cha afya na kiatu mguu mmoja, ndala mguu mwingine. Muuguzi Florentine hakunipa hata pole. Aliuliza ninakula nini. Nikamjibu kwa unyenyekevu: mbuzi kidogo, maini kidogo, na kasiksi kidogo, maana pombe ya ndizi ndiyo inayomsukuma mbuzi.

Akasema ni goutte, yaani jongo. Akaandika amri kwenye karatasi. Sahani ijae majani, maharage, viazi na matunda. Nyama mara moja kwa wiki, kipande kidogo. Maini, figo na firigisi: hapana kabisa.

Firigisi!

Huyu mama anajua anachokisema? Katika nyumba hii, kama ilivyokuwa katika nyumba ya baba yangu, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Si suala la utamu. Kitu chenyewe hakijazi hata kijiko. Lakini mwanaume akiikataa, inahamia kwa mwanaume anayemfuata. Na hapa anayenifuata ni Gracien, mdogo wangu, aliyekuja kutoka Kamango kwa wiki mbili. Wiki mbili hizo zilianza mwaka jana.

Na tarehe 21 wakwe wanatoka Beni kuleta mbuzi wa mahari ya Hadassa, binti yangu wa pekee! Atakayekula firigisi siku hiyo ndiye atakayesema kwa jina la ukoo. Nitakuwa mimi. Nitasimama kwa miguu miwili, ndani ya viatu vyangu vya Kasindi vyenye ncha, na nitamkabidhi mtoto wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nisiposema mimi siku hiyo, nilizaa kwa faida gani?

Mpango: nitakula majani kwa siri, huku nikionekana mla nyama. Anajua mke wangu Katungu tu. Ameniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemwambia mficha goutte huletewa mbuzi. Hakucheka.

Jumatano, tarehe 4 Juni.

Siku ya pili ya majani. Asubuhi viazi vitamu na avoka. Mchana sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki. Jioni maharage na lengalenga. Ninajisikia mbuzi mwenyewe.

Ujanja wangu wa kwanza ni mkubwa sana: mfupa wa maonyesho. Nimeupata mfupa mmoja mzuri wa paja la mbuzi. Kila tukimaliza kula ninauacha kwenye sahani yangu mezani, kisha Katungu anauosha na kuuhifadhi. Leo Gracien ameutazama kwa muda mrefu. Akauliza kama mbuzi wote wa siku hizi wanavunjika mahali pamoja. Nikamwambia ni mbuzi wa ukoo mmoja.

Maharage yana maneno mengi. Dukani kwangu leo, nikimwonyesha mama mmoja kufuli, tumbo likatoa sauti ndefu, yenye mwanzo, katikati na mwisho. Nikasema ni bawaba ya mlango. Yule mama akasema hata kwake zinalia hivyohivyo, akanunua bawaba mbili na chupa ya mafuta. Biashara!

Jumamosi, tarehe 7 Juni.

Nimelala usiku kucha bila kuamka. Nimepanda kilima kutoka sokoni bila kusimama hata mara moja kujifanya natazama mandhari. Kiatu cha Kasindi kimeingia mpaka nusu. Sababu naijua: soksi. Nimeanza kuvaa zile nyembamba.

Jioni akaja mgeni wa Gracien, ikabidi kuku achinjwe. Firigisi ikaja kwangu, kama kawaida, juu ya sahani yake ndogo. Gracien akitazama. Nikaiinua, nikafungua mdomo, nikaelekeza kidole dirishani nikauliza nani anaiba kuku. Wote wakageuka. Firigisi ikaingia mfukoni mwa koti. Nikatafuna hewa kwa dakika nzima, nikaipongeza kwa chumvi yake.

Mimi ni mtu hatari.

Jumapili, tarehe 8 Juni.

Sitaki kuandika. Lakini nitaandika.

Nilisahau kuitoa. Nikaenda kanisani na koti lilelile. Kikapu cha sadaka kilipofika kwangu nikaingiza mkono mfukoni bila kutazama, nikatoa kwa ukarimu, nikatumbukiza. Sauti haikuwa ya noti. Shemasi Zacharie akatazama ndani ya kikapu. Akanitazama mimi. Akafumba macho, akaanza kuomba peke yake.

Mchungaji alipotangaza matoleo alimshukuru Mungu kwa wale wanaotoa fedha, wanaotoa mazao, na wale wanaotoa kile walichonacho. Gracien alikuwa benchi la nyuma yangu. Aliona yote. Mabega yake yalicheka mpaka wimbo wa mwisho.

Jumanne, tarehe 10 Juni.

Vita vimetangazwa. Gracien amekwenda kwa shangazi Kasika, mkubwa wa ukoo wetu, akamweleza kwamba kaka yake hali firigisi tena, anazimwaga makanisani, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya watu wa Beni. Akajitolea kuubeba mzigo huo mwenyewe. Ana hata suti.

Shangazi akaniita. Nikakana. Nikasema ile ilikuwa malimbuko. Shangazi akafikiri, akanywa chai yote, akatoa hukumu: siku yenyewe firigisi itawekwa mbele yangu na watu wote wataona. Nikiila, nitasema. Nisipoila, atasema Gracien.

Nikiila, kidole kitavimba. Florentine aliniambia wazi: wewe, hata moja. Kikivimba sitasimama kumtoa mtoto wangu. Nisipoila, sitamtoa vilevile. Nimekaa dukani mchana wote kati ya misumari, na kwa kweli nimesikia uchungu. Nilimbeba Hadassa begani kwenye kilima hiki alipokuwa na miaka mitatu. Leo nishindwe kwa kitu cha ndani ya kuku?

Alhamisi, tarehe 12 Juni.

Nimepata! Nimepata! Nimeruka jikoni kwa mguu mmoja mpaka Katungu akashika sufuria.

Uyoga! Uyoga mkavu, ule mnene wa moshi. Ukilowekwa, ukachemshwa kwa tangawizi na chumvi, ukatiwa mawese kidogo, ukashonwa katikati, unakuwa firigisi kabisa. Uzuri zaidi: uyoga wenyewe Gracien ndiye aliyeuleta kutoka Kamango, kama zawadi. Ananipa mwenyewe kamba ya kumfungia.

Hadassa amekubali kuushona. Ana mikono myepesi. Ya kwanza ilifanana na sikio. Ya pili ilifanana na Zacharie. Zote nimezila mimi, kwa kazi. Tamu kweli.

Jumanne, tarehe 17 Juni.

Uyoga wa tisa ndio wenyewe. Nimempa paka wa jirani, akanusa, akaniangalia kwa dharau, akaondoka; nikaula mimi. Lakini paka si mkwe.

Kiatu kimeingia chote! Kushoto na kulia! Nimetembea nacho mpaka dukani na kurudi, kisha nikaenda tena bila sababu. Uso umeng'aa, mkanda umerudi matundu mawili. Ninaamka kabla ya jogoo nikiimba besi. Florentine amenipima akasema endelea hivyohivyo, Baba, majani yanakusaidia. Nimemwacha aamini. Mimi ninajua ni soksi, na hali ya hewa ya Juni.

Jumamosi, tarehe 21 Juni.

Leo. Andika polepole, Ésaïe.

Wakwe walifika saa nne, magari mawili, mbuzi wakipiga kelele nyuma. Mbele Lévi, mchumba mwenyewe, mpole, anatokwa na jasho. Nyuma yake baba yake, mzee Mbusa, mtu mkubwa wa Beni, mwenye kakao na tumbo. Alivaa suti nzuri sana na kandambili. Nikaona ni dharau. Nikameza.

Chakula kikaja. Hadassa mwenyewe akaniwekea sahani ndogo. Firigisi yangu ya uyoga iling'aa katikati yake. Ile ya kweli ilikuwa jikoni chini ya mfuniko. Shangazi Kasika akavaa miwani. Uwanja wote ukanigeukia, hata mbuzi. Nikainua uma.

Gracien akasimama. Kwa heshima yote, mikono mbele, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema:

"Yaya, mugeni iko mukubwa kuliko siye bote. Umupatie ye firigisi."

Nyoka! Watu wakaitikia kwamba amesema vizuri. Ningefanya nini? Kumnyima mkwe mbele ya mbuzi wake? Mkono wangu ukaisukuma sahani wenyewe. Hadassa akafunika uso kwa kitenge. Katungu akaanza kuhesabu sahani ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Mzee Mbusa akaitazama firigisi kama mtu anayetazama sindano ya daktari. Akafumba macho. Akatia mdomoni.

Akatafuna. Akaacha. Akafungua jicho moja. Akatafuna tena, polepole sana. Niliiona harusi ikipanda gari na kurudi Beni. Nilimwona mtoto wangu akilia miaka kumi kwa sababu ya uyoga wa baba yake. Nikaomba ardhi inimeze, na ikiwezekana immeze Gracien kwanza.

Mzee Mbusa akainama sikioni kwangu.

"Mukwe, hii haiko nyama."

Akavuta mguu wake kidogo kutoka chini ya meza. Nikauona. Kidole gumba, cha kulia. Chekundu, kinang'aa. Ndugu yake kamili wa changu!

"Hata miye, docteur alinikatazaka," akasema chinichini. "Usiambie batu."

Kisha akatoa uzi wa Hadassa katikati ya meno, akauficha kwenye kitambaa, akasimama. Akatangaza kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba tangu azaliwe hajapewa firigisi ya namna ile. Amekula kutoka mkononi mwa mwenye nyumba, na maneno atayasikia kutoka mdomoni mwa mwenye nyumba, si kwa mwingine. Shangazi akavua miwani. Gracien akakaa.

Nikasema! Nikiwa nimesimama, viatu vyenye ncha, miguu miwili! Nilisema kuhusu kilima, na bega langu, na miaka mitatu. Nikalia kidogo. Lévi naye akalia. Hadassa akanishika mkono mbele ya watu wote. Mbuzi wakafunguliwa. Sijawahi kuwa na siku kama hii na sidhani kama mtu yeyote Butembo amewahi.

Jumapili, tarehe 22 Juni.

Nyumba kimya, wageni wamekwenda. Nikapita jikoni kutafuta maji. Mfuniko ulikuwa palepale.

Nilifikiri kwa utulivu. Nimepona. Mtu aliyepona haendelei kunywa dawa. Tena firigisi ile ni yangu kwa haki, imeshindaniwa mbele ya koo mbili. Nikaila. Halafu, ili isikae peke yake tumboni, sahani mbili za mbuzi. Halafu kasiksi, ya kumsukuma mbuzi. Katungu alinikuta na mfupa mkononi. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamweleza kwamba huu si wa kula, ni mfupa wa maonyesho.

Jumamosi, tarehe 28 Juni. Beni.

Mimi na Katungu tumekuja kuwatembelea wakwe. Nimesafiri na kiatu mguu mmoja, ndala mguu mwingine. Kidole kimevimba tangu Jumatatu, kikubwa kuliko mara ya kwanza. Gracien alinibebea mfuko mpaka kwenye gari, kwa huruma kubwa mno. Ameniambia nisiwe na haraka ya kurudi. Kiti changu atakiangalia.

Mzee Mbusa alinipokea mlangoni akiruka kwa mguu mmoja. Naye! Siku ileile, kwa furaha ya firigisi isiyo nyama, alisimamisha gari njiani akajipongeza kwa mishikaki. Sasa tumekaa chini ya baraza lake, miguu yetu miwili katika beseni moja la maji baridi, wa kwangu kushoto, wa kwake kulia. Kwa pamoja ni jozi nzuri.

Tumelichunguza jambo hili kisayansi. Mbuzi? Tumekula mbuzi tangu utoto. Pombe? Babu zetu walikunywa wakafika miaka tisini. Je, ni kitu gani kipya tulichokula sote wawili, ambacho hatukuwa tumekizoea?

Tukatazamana. Tukakisema kwa pamoja.

Uyoga! Mimi nilikula tisa nikijaribu, yeye mmoja tu, na ndiyo maana changu ni kikubwa zaidi. Ushahidi gani tena mtu anautaka? Katungu alicheka jikoni mpaka ikabidi mama Lévi amletee maji. Wanawake hawana akili ya uchunguzi.

Tumeapa mbele ya beseni: kuanzia leo, uyoga hapana kabisa. Ili kukifunga kiapo, mkwe amechinja jogoo. Firigisi ilikuwa yake kwa haki, hapa ni kwake, lakini alisisitiza niile mimi, kwa vile ni mgeni. Ningekataa namna gani?