Filamu ya Kunguru na Wageni wa Harusi

Leo sina pa kuuweka uso. Someni polepole, na anayetaka kucheka angoje nimalize.

Mnaijua ile filamu yetu ya katuni, ya kunguru wa Mji wa Kale anayetaka kuimba harusini? Tumeichora watu watano kwenye chumba kimoja Majengo, miaka mitatu. (Mimi ni wa mabawa. Shule niliiacha mapema, lakini bawa nalijua.) Wiki hii ikaingia sinema. Sinema ya kweli, yenye viti vyekundu! Jana waliingia watu wawili. Mmoja alikuja kulala kwenye baridi. Wa pili ni mimi.

Ukumbi wa jirani wanaonyesha sehemu ya tano ya katuni moja ya ng'ambo. Huko watoto wamejaa hadi kwenye ngazi.

Asubuhi meneja akaniita. Bwana Anwar, mtu mzima wa suti na tai nyekundu kila siku ya Mungu.

"Zuhura, mwanangu, watu hulipia wanachokijua. Kunguru nani atamlipia? Nje wapo bure."

"Huyu anaimba, Bwana Anwar."

"Leo alasiri ukumbi usipojaa hata nusu, kesho namtoa."

Miaka mitatu ya mabawa! Nikatoka nalia. (Kidogo tu. Sawa, nililia hadi Ngome ya Yesu.) Nikaenda moja kwa moja kwa shangazi yangu, Bi Mwanakombo. Shangazi ni mwalishi: ukiwa na harusi, yeye ndiye apitaye mlango kwa mlango kukualikia watu. Mji wa Kale wote waijua hodi yake.

"Shangazi, nialikie watu waje sinema leo."

"Wangapi?"

"Wote!"

Akavaa buibui lake, akatoka. Mimi nikafurahi. Jambo moja tu sikulifikiri: shangazi akibisha, watu hawaulizi kuna nini. Huuliza ni lini na wapi.

Alasiri nimesimama karibu na dirisha la tiketi na dera langu jipya (nilitaka nionekane mtu wa filamu). Nikasikia vigelegele. Nikageuka.

Wanaingia! Dhahabu hadi viwiko. Asumini vichwani. Udi unanukia mpaka mlinzi akapiga chafya. Mbele yao Bi Fauzia wa Majengo, mwenye sauti kama honi ya lori la Shimanzi.

"Huyu hapa biarusi! Mbona hukupambwa, mwanangu? Hata hina hukutiwa?"

"Bi Fauzia, mimi siolewi. Ni filamu."

"Biarusi ana haya! Mashaallah!"

Vigelegele tena! Kila nikikana, ndivyo wanavyozidi kunipenda. Mama mmoja akaninong'oneza, "Kualikwa asubuhi, harusi alasiri. Haraka ya nini?" Akanitazama tumbo. (Ni mahamri, jamani! Wallahi ni mahamri!)

Hapo ndipo Bwana Anwar alipotokea na suti yake kuja kuangalia hizo kelele ni za nini. Akasimama ubavuni mwangu. Watu wakamtazama juu mpaka chini.

"Ndiye huyu?" akauliza Bi Fauzia. "Mbona mtu mzima?"

"Mimi nina mke!" Bwana Anwar akapaza sauti. "Nina wajukuu!"

"Si neno," akasema bibi mmoja nyuma. "Huyu awe wa pili. Hongera!"

Wakaanza kututuza. Noti kwenye mtandio, noti kwenye mkono wa dera, noti kwenye miwani yangu. Bwana Anwar naye akabandikwa moja kwenye tai. Watoto wa sehemu ya tano wametoka na bisi zao kuja kutazama, na mmoja anarekodi. (Mkiiona hiyo video, siye mimi.)

Shangazi akafika mwisho, anahema.

"Shangazi! Umewaambia nini watu?"

"Nimewaambia mwaalikwa na Zuhura, sinema, alasiri. Wakauliza wavae nini, nikasema vazi zuri. Kwani kulikuwa na la zaidi?"

Basi ikanibidi niseme mbele ya wote. Nikapanda juu ya kiti. Nikasema hakuna harusi, hakuna bwana, hakuna pilau. Kuna kunguru. Tumemchora wenyewe, hana sehemu ya kwanza wala ya tano, na asipopata watu leo, kesho anatolewa. Na noti bado zinapepea kichwani.

Nilitamani sakafu inimeze, na kiti chake.

Bi Fauzia akazipanga bangili zake. "Mimi nimeoga, nimejifukiza, nimevaa dhahabu ya dada yangu. Nirudi nyumbani nikamwonyeshe nani? Huyo kunguru yu wapi?"

"Tiketi kwanza, mama," Bwana Anwar akasema.

"Mwalikwa hakati tiketi! Hizo alizo nazo biarusi ni zetu. Kata hapo hapo."

Na Bwana Anwar akakata. Mimi nimesimama kama mnazi, yeye anachuma noti kichwani mwangu, moja moja, na kutoa tiketi. Ile ya kwenye tai aliitoa kwa uchungu.

Jamani, ukumbi ulijaa! Waliokosa viti wakakaa kwenye ngazi. Kunguru alipofukuzwa harusini kwa mawe, Bi Fauzia akasimama: "Mwacheni aimbe, roho mbaya nyinyi!" Alipoimba mwishowe, vigelegele vilimfunika hata wimbo hatukuusikia. Watoto wa ukumbi wa pili waliingia kuchungulia, hawakutoka. Bwana Anwar nilimwona mlangoni anajifuta macho kwa tai. Na taa zilipowashwa, swali la kwanza lilikuwa: "Sehemu ya pili lini?"

Kunguru wetu anabaki wiki nzima! Bwana Anwar mwenyewe kasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila mke wangu ameshapigiwa simu. Wewe na shangazi yako mtakuja kunieleza nyumbani."

Nimeshinda, alhamdulillahi. Nanyi mkikutana nami njiani, ruhusa kunipa hongera. Lakini semeni kwanza ni ya nini.