Pistoni Mpya ya Pikipiki ya Mke Wangu

Jumatatu, 6 Mei
Sijawahi kudharauliwa hivi! Jirani yetu mshonaji amenipita kwenye mlima wa sokoni akipiga mluzi. Mluzi! Na pikipiki yake ni kuukuu kuliko yangu. Yangu, yaani ya mke wangu. Ndiyo inayosambaza mikate yake madukani, ndiyo inayotulisha. Mwenyewe kaenda kumwuguza mama yake mpaka Jumapili. Kaniachia ufunguo na agizo moja: nisiichezee. Sitaichezea. Nitaiboresha.

Jumanne, 7 Mei
Nimefungua injini sebuleni, juu ya shuka. Nikapigwa na butwaa. Pistoni ndogo kama kikombe cha kahawa! Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kinanipandisha mlima? Nimenunua kubwa zaidi, na ringi zake, zile pete za chuma za kuizunguka. Haikuingia kwenye silinda. Nikaipaka sabuni. Wapi! Nikaibembeleza kwa mwiko. Mwiko ukavunjika. Nimeuficha nyuma ya kabati.

Jumatano, 8 Mei
Fundi kacheka mpaka akakaa chini. Eti silinda huchongwa kwanza ipanuke. Eti mtu mzima, sabuni! Kaichonga. Kisha akanionya: ringi zina midomo, pale zilipokatwa, na midomo hiyo isikae pamoja, kila mmoja uelekee upande wake. Na safari za mwanzo niende polepole. Ndiyo fundi, ndiyo fundi. Alitaka kuifunga injini mwenyewe, nikakataa. Sifa ziwe zangu.

Ijumaa, 10 Mei
Nimevalisha ringi. Midomo huku na huku, hovyo kabisa! Macho yangu hayakuvumilia. Nimeipanga yote mstari mmoja. Mimi ni mtu wa mpangilio. Injini ikawaka kwa kiki ya kwanza. Nililia kidogo.

Jumamosi, 11 Mei
Siamini. Bado siamini. Nilimvizia mshonaji chini ya mlima. Akatokea na abiria aliyejitanda mtandio. Nikavuta mafuta mpaka mwisho. Polepole ni ya waoga! Katikati ya mlima, moshi. Wa buluu, mzito, hadi muuza nyanya akafunika nyanya zake. Injini ikakohoa, ikakwama, ikanyamaza. Mshonaji akapita. Na mluzi! Abiria akageuka kunitazama.

Mke wangu!

Mama kapata nafuu, yeye karudi mapema, kapewa lifti. Akajifunika uso kwa mtandio. Afadhali angenitukana. Nimesukuma pikipiki mpaka nyumbani.

Jumapili, 12 Mei
Fundi kaifungua injini mbele ya mke wangu. Upepo wote wa injini ulivujia kwenye ule mstari wangu, oili ikapanda ikaungua, pistoni ikachubuka. Mke akauliza nani kapanga ringi vile. Mimi nikatazama dari. Akauliza tena, mwiko wake uko wapi. Nilishtuka kuliko jana! Kajuaje? Kuanzia kesho nabeba mikate kichwani, duka hadi duka.

Jumatano, 15 Mei
Shingo imekufa ganzi. Mikate inachelewa. Wateja wawili wamehamia kwa mwokaji mwingine, na mke wangu amelia jikoni. Mimi nimemliza! Aibu imenimeza. Nimeapa mbele yake: sitagusa tena pistoni wala ringi maishani mwangu. Akapangusa machozi, akanipa kazi ya kulinda mashine yake ya kukandia unga.

Inazunguka taratibu mno, maskini. Kesho anakwenda kuwabembeleza wale wateja. Nimechungulia ndani ya mashine: hakuna pistoni, hakuna ringi. Kiapo kiko salama. Nimeshaazima bisibisi kwa mshonaji.