Rulema ya Pikipiki ya Marehemu Baba

Jumatatu, 9 Juni

Dharau! Jumamosi tunapeleka mahari ya mpwa wangu Ephraïm kwa akina Ketsia, mchumba wake, kule mtaa wa Lumumba. Leo jamaa wamekaa, wakaamua msafara uongozwe na Félicien, mume wa mdogo wangu. Eti pikipiki yake ni mpya. Mjomba ni mimi! Tangu lini mjomba akala moshi wa shemeji? Nimewaambia nitaongoza mimi, juu ya pikipiki ya marehemu baba, iliyokuwa Bunia kabla Félicien hajazaliwa. Walicheka. Nimewaandika wote moyoni.

Jumanne, 10 Juni

Fundi Michel ameifungua. Anasema rulema ya ambreyaji, yaani beringi ya klachi, imekwisha, ndiyo maana nikikamata mkono wa kushoto panasaga kama kinu cha mahindi na vitesi vya gia haviingii. Mpya itatoka Butembo wiki ijayo. Wiki ijayo! Nikamuuliza kama Félicien amemhonga. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Methali haiingizi vitesi, bwana! Nimeisukuma pikipiki yangu hadi nyumbani.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeshinda! Nimeng'oa rulema kwenye gurudumu la toroli ya mke wangu, Vahwere. Ni ndogo kidogo, inacheza ndani ya nafasi yake, kwa hiyo nimeikaza kwa kipande cha kopo la tomati. Vitesi vinaingia laini! Vahwere amerudi sokoni na gunia la mihogo kichwani, bila shukrani yoyote ya kuolewa na mtu mwenye akili. Ananiuliza toroli itatembea lini. Maswali ya namna hii ndiyo yanayorudisha nchi nyuma.

Jumamosi, 14 Juni

Aibu, lakini si yangu! Tulitoka vizuri: mimi mbele, nyuma yangu pikipiki za jamaa na mbuzi na makreti ya bia, kwa adabu zote. Kiongozi wa mahari hapitwi. Karibu na nyumba ya akina Ketsia kitu kikapasuka, mkono wa ambreyaji ukalegea. Nikifunga breki, injini inazimika. Nizimikiwe mbele ya wakwe, Félicien akitazama? Kamwe! Nikawapungia wakwe mkono nikapita, nizunguke nirudi polepole. Wanawake waliokuwa wakitupokea kwa nyimbo wakanyamaza. Na msafara mzima ukanifuata! Hakusimama hata mmoja. Shangazi Elisabeth, mbuzi mapajani, alipiga kelele: "Weye, iko unatupeleka wapi? Komanda?" Komanda ni mji mwingine kabisa! Pa kuzungukia sikupaona; injini ilizimika yenyewe mlimani, nje ya mji.

Tuliporudi, mimi nikiwa nimepakiwa nyuma ya Félicien (!), Ketsia alikuwa analia. Nyanya yake alishatangaza kwamba mbuzi wamepelekwa kwa binti mwingine. Ephraïm alipiga magoti. Tukatozwa mbuzi wa kuomba radhi, na Félicien akahutubia mahali pangu, kwa maneno yangu niliyoyaandaa mwezi mzima. Aliyasema vibaya. Wakampigia vigelegele!

Jumapili, 15 Juni

Kanisani hakuna aliyekaa benchi langu. Ephraïm hanisalimu. Nimepima jambo hili kwa haki, na kosa ni la waliofuata. Mtu mzima unaiona nyumba ya wakwe, unaipita kwa nini? Arusi ni Jumamosi ijayo. Ili kumfuta Ketsia machozi, baada ya ibada nilikwenda kwa baba yake, nikamwambia kwamba bibi arusi nitampeleka kanisani mimi mwenyewe. Alinitazama sana. Hakusema neno, akafunga mlango.

Aliyenyamaza amekubali. Mchana huu ninaosha pikipiki.