Klingaman Yapanda Ngazi za Mahakama

Jumatatu, 6 Septemba 1909

Nimepata wazo. Wazo kubwa! Jumamosi wenye hisa wanapiga kura: kiwanda kiendelee na motokaa yangu ya Klingaman, au kirudie magari ya farasi kama enzi za marehemu baba. Wakulima wa Indiana hawasadiki maneno, wanasadiki macho yao. Basi nitapanda ngazi za mahakama kwa motokaa, mji mzima ukitazama! Nimemwambia shemeji yangu Otto, msimamizi wa karakana. Kabinua mdomo. Wivu tu huo. Kura ikinikataa, kiti changu cha umeneja anakalia yeye.

Jumanne, 7 Septemba

Majaribio kwenye kilima cha kiwanda cha siagi. Imefika nusu, ikakohoa, ikazima. Mara nne! Otto, bila kuulizwa, akaeleza kwamba tangi liko nyuma, chini ya kiti. Pua ikielekea juu, petroli haifiki kwenye injini. Eti nikitaka kupanda, nipande kinyumenyume. Kinyumenyume! Mimi, Leopold Klingaman, nimwonyeshe hakimu makalio ya motokaa? Nikamwambia akagonge misumari yake. Tangi nililipanga mimi mwenyewe. Pale ni mahali pazuri sana.

Alhamisi, 9 Septemba

Jana sikuandika, nilikuwa natafakari. Leo nimejaza tangi pomoni, nikamketisha mke wangu Hedwig juu ya boneti ili pua ishuke kidogo. Pua haikushuka. Motokaa ikazima palepale, Hedwig akashuka yeye. Karudi nyumbani kwa miguu, kanuna. Chakula cha jioni: kabichi baridi.

Ijumaa, 10 Septemba

Suluhisho, tena la kwangu mwenyewe: nitapanda kinyumenyume! Otto akadai hilo alishalisema Jumanne. Nikamjibu kwamba yeye alilisema kwa kukata tamaa, mimi nalisema kwa ujasiri. Tofauti kubwa. Nimeagiza bendi ikae juu kabisa ya ngazi, inipokee kwa shangwe.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimepanda! Ngazi zote kumi na nane, watu wakipiga vigelegele, kofia zinaruka. Nikafika juu. Nikapitiliza. Ukienda kinyumenyume huoni uendako, jambo ambalo Otto angeweza kunikumbusha. Mpiga ngoma aliruka, ashukuriwe Mungu. Ngoma haikuruka. Kisha mlango wa mahakama, na motokaa ikanasa humo kama kizibo, hakimu ndani akifoka atokee wapi sasa, dirishani?

Otto akaleta nyumbu wake wawili na gari la mizigo, akafunga kamba, wakaivuta Klingaman hadi chini. Gari lile alilitengeneza baba mwaka 1884. Jina letu bado linasomeka ubavuni, kwa mkono wake. Nililitazama, nikavua kofia. Aibu niliyoiona sina pa kuiweka. Halafu mzee Stauffer, mwenye hisa nyingi kuliko wote, akauliza kwa sauti kama anayenunua motokaa hupewa pamoja na nyumbu wa kuivuta. Mji mzima ukavunjika mbavu.

Kura: wote wamekataa isipokuwa mmoja. Mmoja ni mimi. Hedwig naye ana hisa. Kapiga kura upande wa kaka yake Otto!

Jumapili, 12 Septemba

Kanisani walikohoa kama motokaa nilipopita. Wakaendelea nyimbo tatu nzima! Baada ya ibada Otto akanishika bega, akasema nisihofu shemeji, kazi ninayo: kupaka rangi magurudumu. Nimemsamehe. Hajui anachopoteza.

Maana kosa nimeshaliona. Motokaa ilipanda vizuri mno. Vilivyokosea ni viti, vilitazama upande usiofaa! Mchoro mpya uko tayari: dereva na abiria wote wanatazama nyuma. Hedwig kauona, kaenda kulala kwa mama yake. Tangi nimeliacha palepale. Na ngazi za kanisa nimezihesabu wakati wa kutoka: ishirini na sita.