Gari Langu Lilivyozimika na Mama Mkwe Ndani

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya mama mkwe, mbele ya bodaboda wanne, na mbele ya mbuzi mmoja ambaye nina hakika alinielewa.

Mnanijua. Darasa la tano sikulimaliza. Nilianza na baiskeli ya kubebea dagaa kutoka Kibirizi, leo nina nyumba ya bati la rangi Ujiji, na nina gari. Ni la zamani (msiulize la mwaka gani, hata mimi huwa siliulizi), lakini ni gari. Na ufundi sijasomea popote. Mimi injini naisikiliza tu, yenyewe inaniambia inaumwa wapi.

Sasa hii injini ina miezi miwili haitaki kuniambia ukweli. Inawaka vizuri, inatembea vizuri, ghafla inakohoa na kuzima. Ukikaa kidogo inawaka tena kama haijafanya kitu. Fundi mmoja wa kwetu Ujiji aliniambia, "Mzee, niachie siku mbili nilifuatilie." Nikamwambia mimi simwachii mtu mgonjwa wangu. Nikabadilisha plagi mwenyewe. Nikabadilisha koili. Nikamlaumu muuza petroli mpaka tukanuniana.

Leo ilikuwa siku ya mama mkwe. Anakaa Kidahwe, ameuza mawese maisha yake yote, na huu mwaka wa nne mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Mjukuu wake wa mwisho, Idi wangu, anamjua kwa kumpapasa kichwa tu. Madaktari wa macho walikuja hospitali ya mjini kwa siku tatu, leo ndiyo ya mwisho, na kuandikishwa mwisho saa sita mchana. Mke wangu akasema, "Baba Zuhura, mtafutie mama taksi." Taksi! Mimi mwenye gari!

Nikaondoka saa mbili asubuhi. Njiani likazima mara moja (hilo sikumwambia mtu). Nikamkuta mama ameketi nje, kitenge kipya, uso umepakwa mafuta unang'aa, mkoba mapajani. Akanisalimia kwa kikwetu:

"Bwakeye, baba Zuhura. Nimekusikia tangu kule kwenye mlima."

Sikujua kama ni sifa au la.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Alikaa kiti cha nyuma, akageukia dirishani japo haoni, mimi nikatazama mbele. Miaka ishirini hatujawahi kucheka pamoja. Tunasalimiana, tunaulizana mvua, basi.

Hatujafika mbali, kho, kho, kho. Kimya.

"Tumefika?"

"Bado, mama. Naliangalia kidogo tu."

Nikafungua boneti, nikatoa plagi, nikazisugua, nikazirudisha. Likawaka! Nikamwambia, "Ni plagi, mama. Hawa mafundi wa siku hizi hawajui kusikiliza." Akajibu, "Haya." Tukaenda robo saa. Kho, kho. Kimya. Nikatoa chujio la petroli, nikalipuliza mpaka macho yakatoka machozi, nikalirudisha. Likawaka! "Lilikuwa chujio, mama." Akajibu, "Haya." Hiyo haya ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Mara ya tatu likazima karibu na kijiwe cha bodaboda. Saa tano na dakika kumi. Mama akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa nne na nusu. (Mungu anisamehe.)

Vijana wakaja. Mmoja, mwenye koti la mvua wakati wa jua kali, akauliza, "Mzee, petroli ipo?"

Mimi niulizwe petroli! Nikaenda kwenye tangi kwa hasira nimwonyeshe. Mfuniko wa asili ulishaanguka barabarani, huu wa sasa nimeutengeneza kwa mkono wangu: mfuniko wa dumu, ndani mpira wa tyubu ya baiskeli, juu yake nailoni. Nikauvuta. Fyuuuu! Nikachovya kijiti, petroli tele. "Unaona? Na angalia mfuniko huu, hata harufu haipiti. Wa kiwandani hauuwezi." Nikaugongea tena kwa ngumi, nikakaza.

Sauti ikatoka kiti cha nyuma.

"Baba Zuhura."

"Naam, mama."

"Hapo ulipofungua, nimesikia kitu kimevuta pumzi."

"Ni gesi ya petroli, mama. Haina neno."

"Gesi inatoka, baba. Hii imeingia."

Vijana wakasogea. Mbuzi aliyefungwa pale kijiweni akainua kichwa.

"Mawese ukiyamimina kwenye dumu ulilotoboa tundu moja," akaendelea, pole pole, kama anamwelekeza mteja, "yanashuka kidogo, halafu yanakata. Utoboe la pili upepo uingie, ndiyo yanatiririka. Gari lako umeliziba pua. Kila ukikaa linaiba pumzi kidogo, linakwenda, linakosa tena. Hebu lifungue hapo, uliwashe. Usisugue kitu."

Nikafungua. Nikawasha.

Likawaka papo hapo.

Yule wa koti akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee, mfuniko huu una muda gani?"

"Miezi miwili."

Nilisema kabla sijafikiri. Mmoja akakaa chini barabarani kwa kucheka. "Fundi ni bibi! Bibi, njoo uangalie na pikipiki yangu!"

Mama akafungua dirisha. "Msimcheke mkwe wangu! Ameamka mapema kunifuata mimi kipofu. Nyie leo mmemfuata nani?"

Yule wa koti akatafuta msumari, akatoboa mfuniko, akanirudishia. Tukaondoka. Nikasikia nyuma kitu kama kikohozi, nikashtuka, nikajua injini. Kumbe ni mama, amejifunika mdomo kwa kitenge, anacheka mpaka kiti kinatikisika. Nami nikashindwa kujizuia. Tumecheka mpaka mjini, kila mtu akitazama upande wake, kwa heshima.

Gari halikukohoa hata mara moja.

Tulifika saa sita kasoro dakika nane. Muuguzi alishaanza kufunga daftari. "Mzee, mnakuja saa hizi?" Nikashika mkono wa mama, nikautanguliza mezani. Muuguzi akamtazama macho, akalifungua daftari.

"Bibi, nani amekuleta? Niandike nani wako?"

Nikafungua mdomo niseme mkwe. Mama akaniwahi.

"Andika mwanangu."

(Nikatoka nje mara moja kukagua tairi. Tairi zilikuwa nzima.)

Ninaandika haya nikiwa kwenye benchi la wodi. Jicho la kwanza limeshafanyiwa upasuaji, lina bandeji, wanalifungua kesho asubuhi. Idi nimeagiza aletwe mapema, aogeshwe, avae shati jeupe. Yule fundi wa Ujiji nimempigia kumwomba radhi, nikamweleza yote, akacheka mpaka simu ikakata.

Nanyi mkitaka kucheka, chekeni taratibu. Mama amelala.