Kuhusu Kikaango Changu, Kaboni, na Mjukuu Unayetaka Kumchukua

Kwa Mwalimu wa Kemia,

Shikamoo hukunipa, lakini marahaba. Sisi tu wazima, isipokuwa kikaango. Mimi sikusoma, nasema tu, anayeandika ni mjukuu wangu, huyo huyo unayetaka kumpeleka shule ya bweni ya sayansi, huko mbali. Nina malalamiko.

1. Alitia sukari yangu kwenye kikaango, chumvi kwenye sufuria, akawasha moto. Sukari ikayeyuka, ikaungua, ikawa lami. Chumvi ikatulia kama mama mkwe kitini. Akanieleza kwamba molekuli za sukari zimeshikana kilegevu. Ahsante sana. Chai nimeinywa chungu, ila nimeelimika.

2. Eti atomu mbili zikipungukiwa elektroni, kila moja inatoa yake, kisha zinamiliki kwa pamoja bila ugomvi, na ndiyo bondi ya kovalenti. Hongera zao. Wanangu wa tumbo moja walishindwa kumiliki redio. Hizo atomu zako zililelewa na nani?

3. Eti almasi na risasi ya penseli zote ni kaboni. Almasi ni ngumu kwa kuwa kila atomu imeshika jirani wanne na haiachii. Ya penseli imeshika watatu, matabaka yake yanateleza. Na masizi ya sufuria ni ukoo huo huo! Miaka yote nasugua na kumwaga jamaa za almasi, na hakuna aliyenitonya.

4. Hapa ndipo panaponiuma. Nilishika watoto wanne. Walimu wenzako wakaja mmoja mmoja, wakasifu, wakachukua. Sasa nina sauti za simu. Aliyebaki mkononi ni huyu mjukuu, nawe unakuja kunifungua vidole? Kwa sayansi yako mwenyewe, mwanangu, hata penseli itanishinda ugumu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, futa jina lake.

Nisalimie mkeo, walimu wote, na mkuu wenu anayekohoa kwenye kipaza sauti.

Ni mimi, mwenye kikaango,
Bibi yake

Tanbihi: Mwalimu, ameandika yote bila kuruka neno. Hata pale pa kufuta jina lake ameandika kwa mwandiko mzuri, kisha akaniuliza kama aweke nukta. Mtoto wa hivi unamzuiaje? Jina liache. Nijulishe tu: magodoro mnawapa, au aje na langu?